Nani Amlipe Daktari wa Upande wa Pili wa Simu?

Siku ya kliniki shangazi yangu huamka saa kumi alfajiri. Anaishi Kagoma, wilayani Muleba, ndani ya migomba, mbali kidogo na lami. Bodaboda humtoa nyumbani kungali giza na kumshusha barabarani, na hapo husubiri Hiace ya kwenda Bukoba. Akifika mjini hukuta foleni imeshajaa. Hutoa kadi ya bima, huhakikiwa, hupimwa presha, kisha hukaa kusubiri jina lake. Safari ya mwisho nilimsindikiza, nikatazama saa: alikaa mbele ya daktari dakika 6. Daktari alifungua daftari, akasoma vipimo vya miezi mitatu, akamuuliza kama miguu inavimba na kama anakumbuka kumeza dawa za usiku, akaandika dawa zilezile. Tulirudi jua limeshazama. Nikamuuliza, "Shangazi, daktari kakwambiaje?" Akasema, "Kaniambia niendelee hivyohivyo, mwanangu."

Kadi yake inatokana na mshahara wa mwanawe, ambaye ni mwalimu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, huchukua asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri, na mzazi anaweza kuandikwa miongoni mwa wategemezi. Mfuko ulilipia zile dakika 6 na dawa. Haukulipia bodaboda, Hiace, chai ya mjini, wala siku nzima ya shamba iliyopotea kwake na kwangu. Kwa mtu wa Kagoma, sehemu ghali kuliko zote ya matibabu ni barabara, na barabara haimo kwenye kitita cha mafao.

Kilichofanyika mle ndani kingeweza kufanyika shangazi akiwa ameketi kwenye benchi la zahanati ya karibu, muuguzi akimfunga mkanda wa presha mkononi, na daktari akisikika kwenye simu kutoka Bukoba. Simu zipo, mtandao upo sehemu nyingi za barabarani, na wataalamu wapo, ingawa ni wachache. Ambacho hakipo ni mtu wa kulipia mazungumzo hayo. Naamini bima ya afya ya umma ndiyo inayopaswa kuyalipia. Naamini pia ianzie ndani ya zahanati na vituo vya afya tulivyonavyo, na imlipe anayeuliza sawa na anayejibu.

Jina linalotumika siku hizi ni tiba mtandao, na chini yake kumejificha mambo yasiyofanana. Tabibu wa zahanati anapompigia bingwa kumwuliza habari za mgonjwa, hiyo ni tiba mtandao. Mgonjwa anapoketi na muuguzi mbele ya kioo chenye sura ya daktari aliye mji mwingine, hiyo nayo ni tiba mtandao. Picha ya eksirei inapopigwa wilayani na kusomwa na mtaalamu wa mionzi aliye mbali, ni hiyohiyo. Na mtu anapopiga simu kitandani kwake kumwuliza daktari asiyemjua juu ya kikohozi, watu huiita kwa jina lilelile. Mjadala wa bima huvurugika mapema kwa sababu kila mmoja ana picha yake kichwani: mhasibu wa mfuko anaiona ile simu ya kitandani, anaogopa madai ya uongo, na kwa woga huo anafunga mlango kwa huduma zote nne.

Jambo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, lilikuwa na redio za mawasiliano tangu miaka ya 1960 zilizounganisha hospitali za misheni zilizotawanyika na madaktari waliokuwa Nairobi. Daktari mmoja peke yake porini alieleza hali ya mgonjwa redioni, akapewa ushauri au akaletewa ndege. Leo kazi ile inafanywa na vikundi vya WhatsApp. Tabibu anapiga picha ya kidonda au ya karatasi ya vipimo, anaficha jina, anauliza, na mtu aliyesoma naye chuo, ambaye sasa ni bingwa Mwanza au Dar es Salaam, anajibu saa nne usiku akiwa nyumbani. Wagonjwa wengi wamesaidika kwa njia hiyo kuliko inavyofikiriwa. Lakini ni kazi ya hisani. Haina kumbukumbu kwenye faili la mgonjwa, haina mtu wa kuwajibika ushauri ukikosewa, na siku yule bingwa akichoka, inakoma.

Kwa nini bima haijaingia hapo? Jibu limo katika namna mfuko unavyolipa. NHIF ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ikaanza kazi mwaka 2001 kwa ajili ya watumishi wa umma, na ulipaji wake ulijengwa juu ya mtu anayekuja na mwili wake. Mgonjwa anafika kituoni, kadi inahakikiwa, huduma inaandikwa kwenye fomu maarufu ya 2A na 2B, mgonjwa anaweka saini, kituo kinapeleka madai. Saini ile ni ushahidi kwamba huduma ilitolewa. Mfumo umebuniwa hivyo kwa sababu nzuri, maana mifuko ya bima kila mahali huibiwa: kuna huduma hewa, kadi ya ndugu inayotumiwa na jirani, dawa zilizoandikwa lakini hazikutolewa. Ukimwambia mhakiki alipie mazungumzo ya simu ambayo hakuna aliyeyaona, atakuuliza swali la haki kabisa: nitajuaje kwamba yalifanyika?

Swali hilo lina jibu, na jibu ndilo linaloonyesha pa kuanzia. Mgonjwa akiwa zahanati, muuguzi ndiye shahidi. Kadi inahakikiwa palepale, saini inawekwa palepale, presha inapimwa kwa mikono ya mtu mwenye leseni, na simu ya bingwa inaingia kwenye daftari la kituo ikiwa na saa na tarehe. Mfuko unahitaji kuongeza mstari mmoja tu kwenye orodha ya huduma zake: ushauri wa bingwa kwa njia ya mtandao, mgonjwa akiwa kituoni. Ile simu ya kitandani inaweza kusubiri.

Wapo waliokwishapita njia hii, na aliye karibu zaidi na Kagera ni Rwanda, nchi tunayopakana nayo Rusumo. Huko kampuni ya Babyl, tawi la Babylon ya Uingereza, ilianza mwaka 2016. Mtu alipiga namba fupi hata kwa kiswaswadu, akazungumza na muuguzi, na ikibidi akapewa daktari. Maagizo ya dawa au ya vipimo yalimfikia kwa ujumbe mfupi wenye namba ya siri, naye akaenda nao duka la dawa au maabara. Watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha. Lililoipa nguvu halikuwa programu ya kwenye simu. Ni bima: mwaka 2020 serikali, kupitia bodi ya hifadhi ya jamii ya RSSB, ilitia saini makubaliano ya miaka 10, na huduma ikalipiwa na Mutuelle de Santé, bima ya jamii inayofikia zaidi ya asilimia 80 ya Wanyarwanda. Mkulima wa kilimani aliongea na daktari kwa kulipa kiasi kidogo sana, kilichobaki kikalipwa na mfuko.

Kisha mwaka 2023 kampuni mama ilifilisika London. Hesabu zake za Ulaya na Marekani hazikuwa na uhusiano wowote na homa ya mtoto wa Nyagatare, lakini kabla mwaka huo haujaisha Babyl ya Rwanda nayo ikafunga. Nimelifikiria sana tukio hili. Wengine wanalichukua kama ushahidi kwamba tiba mtandao ni ndoto. Mimi naliona kinyume chake: kwa muda wote huduma ilipokuwa hai, wananchi waliitumia kwa wingi, na bima ya jamii ya nchi maskini ilimudu kulipia daktari wa kwenye simu. Kosa lilikuwa kuweka mlango mzima mikononi mwa kampuni moja yenye makao ng'ambo. Madaktari walikuwa waajiriwa wake, kumbukumbu za mazungumzo zilikuwa kwenye mitambo yake, na ilipoondoka, kituo cha afya cha kijijini hakikuachiwa ujuzi wala utaratibu wa kuendelea.

India ilichagua njia nyingine. Mfumo wake wa eSanjeevani, ulioanza mwaka 2019, ni mali ya serikali, na sehemu yake kubwa hufanyika pale mhudumu wa kituo kidogo anapoketi na mgonjwa na kumwita daktari wa kituo kikubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 mashauriano yalikuwa yamepita milioni 100. Marekani nako, mpaka Machi 2020, bima ya wazee ya Medicare ililipia tiba mtandao hasa kwa wagonjwa wa vijijini waliokwenda kwenye kituo kilichotambuliwa, na ililipa pande mbili: daktari aliye mbali, na ada ndogo kwa kituo kilichompokea mgonjwa. UVIKO ulipokuja milango ikafunguliwa, mgonjwa akaruhusiwa kupigiwa akiwa nyumbani, hata kwa sauti tupu bila picha. Ruhusa hiyo ilikuwa ya muda, ikaongezwa na kuongezwa tena, mpaka tarehe 1 Oktoba 2025 ikakatika kwa wiki kadhaa kwa sababu ya mvutano wa bajeti, na wazee waliokuwa wamezoea kupigiwa wakaachwa njiani. Mgonjwa wa kudumu hawezi kuishi kwa ruhusa ya miezi mitatu mitatu.

Sasa nirudi nyumbani. Mkoa wa Kagera, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu karibu milioni 3. Hospitali ya rufaa ya mkoa ipo Bukoba. Muleba ina bahati ya hospitali za makanisa zenye historia ndefu, Rubya na Kagondo za Wakatoliki na Ndolage ya Walutheri, na kwa sababu hiyo mtu wa Kagoma hayuko porini. Daktari wa kawaida anapatikana. Tatizo huanza anapohitajika bingwa: wa moyo, wa figo, wa mishipa ya fahamu, wa afya ya akili, wa saratani. Hapo jina linalotajwa ni hospitali ya Bugando, Mwanza, au siku hizi ya Chato. Meli ya usiku kutoka Bukoba kupitia Kemondo bado ipo, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kusubiri kivuko. Hata hivyo Mwanza inabaki kuwa Mwanza: nauli ya watu wawili, mahali pa kulala, na chakula cha siku zisizojulikana idadi.

Na hao ni wa bara. Wilaya ya Muleba ina visiwa ndani ya Ziwa Victoria: Bumbire, Ikuza, Mazinga, Goziba, Kerebe. Mvuvi wa Goziba mwenye kisukari anasafiri kwa hisani ya hali ya hewa. Ziwa likichafuka, kliniki yake imeahirishwa, na dawa zikiisha siku hizo, zimekwisha.

Ukiangalia ni magonjwa gani yanayoweza kufuatiliwa kwa simu, orodha inaanza na yaleyale yanayowasafirisha watu bure: presha, kisukari, kifafa, pumu, na selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa inaibeba kuliko maeneo mengi ya nchi. Magonjwa haya hayahitaji daktari ashike tumbo kila mwezi. Yanahitaji kipimo kilichopimwa vizuri na dawa isiyokatika, pamoja na mtu mwenye ujuzi wa kuona mabadiliko mapema. Mtoto wa selimundu akipandishiwa dozi, anatakiwa apimwe damu kila baada ya muda na majibu yasomwe na anayeelewa. Damu inaweza kutolewa Muleba, majibu yakasomwa Bugando. Leo majibu hayasafiri. Anayesafiri ni mama na mtoto, na mtoto mwenyewe hana hali ya kubanwa kwenye basi kwa saa nane.

Kuna jambo jingine ambalo wapanga mipango wa Dodoma huenda wasilione. Shangazi anaongea Kiswahili cha sokoni na kanisani, lakini maumivu anayaeleza kwa Kihaya. Nimemwona mbele ya daktari kijana kutoka mkoa mwingine akihangaika kutafuta neno la kile kinachomtokea kifuani, mwishowe akasema "kinauma tu." Angekuwa na muuguzi wa Kagoma pembeni yake, angesema yote, na muuguzi angeyafikisha. Wanaoona tiba mtandao kuwa kitu kinachoondoa utu katika matibabu wamezoea picha ya mtu peke yake na kioo. Mgonjwa anapoketi na mhudumu anayemfahamu, utu unaongezeka, kwa kuwa bingwa anasikia kupitia kwa mtu anayejua mgonjwa anatoka nyumba gani.

Muuguzi huyo huyo ni kinga ya siri. Kagera tunajua uzito wa neno hilo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani hapa mwaka 1983, na kizazi kizima kilikua kikijifunza kunong'ona. Simu nyingi vijijini ni za watu wengi: ya mume na mke, ya mama na mabinti, wakati mwingine ya jirani. Mtu akipigiwa nyumbani na kuulizwa habari za dawa zake, nani yuko chumbani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inaweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Lakini sheria haiwezi kujenga ukuta kwenye nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha zahanati chenye mlango unaofungwa ni ulinzi wa kweli kuliko programu yoyote.

Milipuko ya magonjwa nayo inatupa sababu ya kujiandaa. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 2 Juni, walikuwa wameugua watu 9 na kufariki 6, mhudumu wa afya akiwamo. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo. Mlipuko wa namna hiyo huua wanaoupata, na huwaumiza pia wasioupata: mwenye kisukari anaogopa kukaribia hospitali, mjamzito anaahirisha kliniki. Nchi nyingine zilijifunza wakati wa UVIKO kuwafuatilia wagonjwa wa kudumu kwa simu. Mkoa uliokumbwa na Marburg mara mbili ndani ya miaka miwili una haki ya kuwa na utaratibu huo tayari, unaolipiwa, kabla ya mlipuko mwingine.

Na mfano wa kulipia huduma inayoanzia kwenye simu tunao. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022, unafanya kazi hivi: mjamzito akipata dharura, namba 115 inapigwa bure, mtu aliyefunzwa anauliza maswali, anatafuta gari la wagonjwa au dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na dereva analipwa kwa simu baada ya kumfikisha. Ingekuwa rahisi kudhani madereva watadanganya. Kilichofanyika ni kuweka uhakiki pale mgonjwa anapopokelewa, malipo yakafuata uhakiki. Kama serikali inaweza kumlipa dereva wa kijijini aliyethibitishwa na muuguzi, inaweza kumlipa bingwa aliyethibitishwa na muuguzi yuleyule.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo mambo mengi mazuri hukwama. Wakati muswada wa bima ya afya kwa wote unajadiliwa mwaka 2022, takwimu za serikali zilionyesha kuwa Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa karibu asilimia 15. Muswada ukarudishwa kufanyiwa kazi, ukapitishwa na Bunge Novemba 2023. Sheria hiyo inamtaka kila mkazi awe na bima. Mkulima wa kahawa wa Kagoma ataulizwa: utalipa? Naye atauliza: nitapata nini? Mwenzake wa Dar es Salaam anaweza kwenda Muhimbili kwa daladala. Kama wote wawili watachangia mfuko mmoja, na bingwa anapatikana kwa mmoja tu, basi wa Kagoma anamchangia wa Dar es Salaam. Analijua hilo bila kuambiwa na mchumi.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ulionyesha tatizo hilo kwa ukali zaidi. Kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zikapanda ngazi kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapo ngazi ilikatika. Mwanachama wa CHF mwenye shida ya moyo alifika Bukoba, akaambiwa anahitaji Bugando, na Bugando kadi yake haikufanya kazi. Ushauri wa bingwa kwa mtandao ungempa ngazi moja zaidi bila mgonjwa kuondoka mkoani: mfuko ungenunua dakika za bingwa, usinunue kitanda cha Mwanza. Wengine wangeishia kusafiri tu, wakijua wanakwenda kufanyiwa nini na siku gani. Wengine wangetibiwa palepale.

Namna ya kulipa ni muhimu kama uamuzi wa kulipa. Mfuko ukilipa kila simu kwa bei yake, simu zitaongezeka hata zisizohitajika. Hayo yametokea kila mahali penye malipo ya huduma moja moja. Kwa wagonjwa wa kudumu ningependa kiasi maalumu kwa mwezi kwa kila mgonjwa aliyesajiliwa, kituo na bingwa wakigawana, kwa sharti kwamba vipimo vyake vipo na dawa hazikukatika. Ushauri wa dharura au wa mgonjwa mpya ulipwe kwa mara. Sauti bila picha ilipwe sawa na picha, kwa sababu mtandao wa Ikuza si wa Masaki, Dar es Salaam, na mgonjwa hapaswi kuadhibiwa kwa mnara alionao. Kituo kinachompokea mgonjwa kilipwe pia. Wengi wanaisahau sehemu hii. Muuguzi akiona kazi imeongezeka na fedha zimekwenda Mwanza, kifaa kitafungiwa kabatini ndani ya mwezi mmoja, na sitamlaumu.

Bei zijadiliwe kabla ya kutangazwa. Machi 2024 NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha huduma kwa wanachama wake kwa madai kwamba bei hazilingani na gharama, na kwa siku hizo watu wenye kadi halali walirudishwa mlangoni. Hospitali za makanisa ndizo nguzo ya Muleba. Tiba mtandao ikiingia kwa bei iliyopangwa ofisini bila wao kusikilizwa, tutaona tena watu wakirudishwa, safari hii kwa simu isiyopokelewa.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko mengine yote: kwamba tiba mtandao itakuwa kisingizio cha kutopeleka madaktari vijijini. Hofu hiyo ni ya kweli. Ni rahisi kwa mtu wa bajeti kusema Kagoma wana simu, bingwa wa nini? Ndiyo sababu nasisitiza malipo yapite kituoni. Zahanati inayoingiza fedha kwa kila mgonjwa wa presha inayemfuatilia ina sababu ya kudai muuguzi wa pili na mashine nzima ya kupimia, na ina fedha kidogo za kuanzia. Simu bila muuguzi haina kazi, kwa hiyo huduma hii huongeza uhitaji wa wahudumu.

Mpango wa Madaktari Bingwa wa Dkt. Samia, ulioanza mwaka 2024, umenifundisha jambo hapa. Mabingwa hufika katika hospitali za halmashauri, hukaa siku chache, huona mamia ya watu, hufanya upasuaji, huondoka. Watu hutoka vijijini kwa wingi, jambo linaloonyesha kiu ilivyo. Lakini aliyeanzishiwa dawa mpya ya moyo siku ya Jumatano, Jumatatu inayofuata aliyemwanzishia yuko mkoa mwingine. Nani aulizwe dawa ikimletea kizunguzungu? Kama mgonjwa angeondoka na miadi ya simu ya wiki ya pili, ya nne na ya kumi na mbili, ikilipiwa na bima na kufanyika mbele ya tabibu wa wilaya, zile siku chache zingekuwa mwanzo wa matibabu. Tabibu naye angejifunza kila mara anaposikiliza, mpaka maswali mengine asihitaji tena kuyauliza.

Kenya imeanza kuliandika jambo hili kisheria: Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inaitambua tiba mtandao kama njia halali ya kutoa huduma, sambamba na sheria iliyoleta mfuko mpya wa bima ya afya ya jamii. Utekelezaji wake una matatizo mengi, lakini daktari wa Kenya anajua anaposimama. Kwetu vipande vipo. Baraza la Madaktari linatoa leseni, sheria ya taarifa binafsi inafanya kazi, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika mikoani, na hospitali nyingi za umma zinatumia mfumo wa kumbukumbu wa GoTHoMIS. Kilichobaki ni kitita cha mafao, karatasi ambayo Waziri wa Afya na mfuko wanaweza kuibadilisha bila kujenga jengo lolote.

Ningeanza na Kagera. Hospitali ya mkoa iwe kitovu, Rubya, Ndolage na Kagondo ziwe upande wa pili, na zahanati chache za barabarani pamoja na visiwa viwili. Magonjwa yawe matatu: presha, kisukari, selimundu. Muda uwe mwaka mmoja, hesabu ziwekwe wazi. Na katika hesabu hizo ziandikwe, sambamba na fedha za mfuko, nauli ambazo wagonjwa hawakuzitoa, kwa kuwa hadi leo hakuna mfuko unaozihesabu.

Miadi inayofuata ya shangazi imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari lake. Ni Jumanne. Nauli ameanza kuiweka kwenye kopo la chai juu ya kabati, na kijana wa bodaboda ameshaambiwa afike saa kumi.